Tonge la Lencho

Neno lilianza tena mlimani, kwenye mikaratusi ya Bekoji. Tolosa alishindwa kufuata kasi, akabaki nyuma akihema, na Lencho, mkubwa wa kundi la wakimbiaji, akapaza sauti kwamba leo Tolosa kaamka mwanamke. Wanaume wakaangua kicheko. Mbele yao, aliyekuwa akiwavuta wote tangu alfajiri, ni Gadise, mwanamke pekee kundini.

Gadise alisikia, akazidi kukaza mwendo. Kila siku mwanamke ndiye jina la aliyechoka, aliyeogopa, aliyelia. Na kila siku yeye kimya, kwa sababu Lencho ndiye mwenye kuamua nani akimbie na kundi, na mashindano ya Addis Ababa yalikuwa mwezi ujao. Msituni hakimbii mtu peke yake. Kuna fisi, tena bila wenzako miguu inalala.

Baada ya mazoezi walizunguka sinia moja la injera, ile chapati pana ya unga uliochachuka. Lencho alikata kipande, akachota dengu, akafinyanga tonge nono na kumpelekea Gadise mdomoni, heshima anayopewa mtu wa kuthaminiwa.

"Kula, dada. Wewe wala si mwanamke bwana, wewe dume letu."

Alidhani anamsifu, bwege yule. Gadise akafumba mdomo.

Mkono ukabaki hewani, mchuzi ukitiririka hadi kwenye kiwiko. Tonge la mkononi halikataliwi. Hata waliogombana hulipokea kwanza, wakaendelea na ugomvi baadaye. Wenzake wakamsihi apokee, asimwaibishe mtu.

"Mimi ni mwanamke," alisema Gadise. "Nimewavuta asubuhi nzima nikiwa mwanamke. Ukitaka kunilisha mimi, nitakula. Hilo dume lako katafute ulilishe."

"Si utani tu jamani?" alisema Lencho. "Au unataka kukimbia peke yako?"

"Nitakimbia na fisi. Wao hawanitukani."

Safari hii hakucheka mtu. Lencho, uso umemshuka, akamgeuzia Tolosa lile tonge. Tolosa alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana, na wote walijua. Alilitazama tonge lile, akameza mate.

"Kesho nakimbia nyuma ya Gadise," alisema, kisha naye akafumba mdomo.

Tonge likishafinyangwa halirudi siniani. Lencho akalila mwenyewe, macho chini, na lilichukua muda mrefu kumezeka.