Viti vya Jirani kwa Mama Caleb

Siku Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi tulibeba viti vyetu tukaenda kuketi uani kwa Laurentine, mlango wake ukiwa wazi. Hapa Lubumbashi hatungoji kuitwa. Jirani akiwa roho juu unaenda kukaa naye, hata kama hakupendi. Na Laurentine hanipendi. Yeye ni mtu wa Butembo, anauza maharagwe kwa jumla. Mimi Hortense ni mpangaji wake, binti wa mtu wa reli, na siku zote ananitazama kama gunia lililotoboka.

Mwanawe Caleb alikuwa akisoma Goma. Laini za simu za huko zilikuwa zimekufa, lakini televisheni moja ya mji ule ilikuwa bado ikirusha picha moja kwa moja kwenye mtandao: watu waliokimbilia ua wa parokia, kamera ikipita uso kwa uso. Laurentine alikuwa amepiga magoti mbele ya skrini. Kila kamera ilipowakaribia vijana, picha iliganda na kale kaduara ka kungoja mtandao kakaanza kuzunguka.

“Vital, fanya kintu!”

Vital, mdogo wake, alizima televisheni akaiwasha. Akasogeza kisanduku cha Wi-Fi dirishani. Akashusha ubora wa picha mpaka nyuso zikawa uji. Bure. Mwishowe akaangalia kwenye simu yake ni nani waliounganishwa, akamgunia dada yake.

“Yaya, ni hawa bantu ba inje. Bote beko ku connexion yetu.”

Kweli. Code ya Wi-Fi, ambayo mimi mpangaji nilikuwa nayo, tulikuwa tumepeana kiti kwa kiti, kila mmoja akiulizia ndugu zake. Nani atamnyima code mtu aliyekuja kumliwaza mwenzake?

Laurentine alitoka amefura.

“Munakuya kulilia mutoto yangu, na hayakufa bado! Na munakula réseau! Mama Hortense, ni weye njo ulibapa code!”

“Ni mi, ndiyo. Tulikuya juu yako, Mama Caleb. Haiko juu ya televizio.”

“Bachawi! Vital, changer code. Toa bote!”

Wenzangu waliondoka na viti vyao. Mimi nilibaki mlangoni, makusudi, nione hiyo televisheni yake.

Vital alibadilisha code, akaiingiza kwenye televisheni peke yake. Picha ikaenda vizuri bila kukwama. Kamera ikazunguka ua wote wa parokia, vijana, akina mama, wazee. Caleb hakuwemo. Matangazo yakaisha.

Hapo ndipo Laurentine alipokumbuka simu yake. Haikuwa na mega hata moja ya intaneti; ilitegemea Wi-Fi ileile, na code mpya haikuwa nayo. Vital alipoiunganisha, ikaanza kulia mfululizo. Tangu code ibadilishwe, mtu alikuwa amempigia WhatsApp tena na tena, kwa namba asiyoijua. Kisha ujumbe wa sauti:

“Mama, ni Caleb. Nimeazima simu ya muntu. Kuko camion inaenda Butembo, lakini banasema ku njia banakamata vijana. Nipande ao nibakie? Mama, pokea.”

Na mwingine, mfupi: “Mama, camion inatoka. Pokea basi.”

Aliipigia namba ile kwa WhatsApp. Akajibu mwanamume asiyemjua.

“Ule kijana? Alipanda ile lori. Alikungoja useme, haukusema.”

Laurentine alishusha simu mapajani, akanitazama. Nilikuwa na maneno tele ya kumwambia, na haki ya kuyasema yote. Nilienda nikachukua kiti changu, nikakaa kando yake, bado ninamchukia.