Unikumbushe Tukishalipita Wingu

Wanzala alipoingia dukani mtaani Namakwekwe, Yakub alidhani amekuja kununua mafuta ya taa. Mwaka ule wa 1987 Mbale ilikuwa imeanza kupumua baada ya vita vyote vile, na wateja walikuwa wakirudi mmoja mmoja. Kumbe huyu hakutaka mafuta. Alivua kofia, akauliza, "Wewe ndio yule rubani alipona?"

"Ndio mimi."

"Afande, mimi ndio niliangusha ndege yenu."

Yakub akaegemea meza ya duka kuupumzisha mguu wake uliovunjika siku ile ya ajali.

Wanzala akaeleza bila kupumzika. Aprili ya sabini na tisa alikuwa na wapiganaji wa kuipinga serikali kwenye mlima Wanale, juu ya mji. Walisikia ndege ndani ya wingu, akafyatua bunduki kubwa kuelekea sauti, na punde mlima ukatikisika. Wenzake walimbeba juu juu kwa shangwe. Tangu hapo amezika watoto wawili, na wazee wa kwao wanasema ni damu ya yule kapteni aliyekufa ndani ya ndege. Sasa mkewe Namono ana mimba ya miezi minane.

"Nipeleke kwa mjane wake niombe msamaha kabla mtoto hajatoka," akasema. "Nikienda peke yangu atanifukuza."

Lo! Miaka minane Yakub alitafuta pa kuutua mzigo wake, na leo mtu kaja kwa miguu yake mwenyewe, kainamisha kichwa atwikwe. Alichotakiwa ni kunyamaza tu, na kwa kunyamaza Yakub alikuwa bingwa.

Ukweli waliujua wawili, yeye na marehemu. Walikuwa wametoka Soroti kwenda Tororo na magunia ya unga na mablanketi, Kapteni Muhamad kiti cha kushoto, Yakub cha kulia. Ndege ilikuwa inajiendesha. Mtambo ule ukishaupa uelekeo na kimo, unashika ulivyouambia na hauulizi mbele kuna nini. Kuuliza ni kazi ya watu wawili waliokaa pale. Wingu zito likawazibia njia, kapteni akageuza kitufe cha uelekeo digrii ishirini kushoto, upande wa milima. "Unikumbushe tukishalipita," akasema, "turudi kwenye njia."

Kisha akaikumbuka Jinja. Mkewe Mastula alikuwa huko, na uvumi ulisema mji unapigwa mizinga. Redio yao ya kuongozea njia, ile yenye mshale unaoonyesha kituo cha Tororo kiko wapi, ilikuwa na uwezo wa kunasa matangazo ya kawaida pia. "Tafuta habari," kapteni akaamuru. Yakub akazungusha. Mshale ukaiacha Tororo, na wanaume wawili wazima wakainamia sauti, kila mmoja akidhani mwenzake anatazama vipimo vya ndege. Zikapita dakika kumi na tano.

"Yakub, tuko sawa?" kapteni aliuliza.

"Tuko sawa, afande," akajibu, wala hakuinua jicho. Halafu wingu likawa jabali.

Waliomfukua walimuuliza kama wamepigwa. Akasema ndiyo. Hakuwa amesikia risasi hata moja.

Tangu siku hiyo kapteni hakumwacha. Yakub angekuwa anapima chumvi, mchana kweupe, wateja wamejaa, na sauti ikamjia upande wa kushoto, tulivu kama ya mtu anayeomba chai: unikumbushe, Yakub. Akigeuka, hakuna mtu. Wateja walishazoea, wakasema rubani wa watu kaguswa kichwa.

Asubuhi iliyofuata wakapanda basi. Mastula, ambaye watu walimwita Mama Ramula, aliishi Jinja, chumba cha nyuma ya maduka ya zamani ya Wahindi. Aliitikia salamu, akawatandikia jamvi. Kabla hata hajaketi, Wanzala akapiga magoti, akasema yake yote, na habari ya Namono na mimba hakuificha.

Mastula akamgeukia. "Miaka minane nakulaani kila baada ya swala, bila kujua jina lako," akamwambia. "Sasa Mungu amekuleta mpaka kwangu. Huyo mtoto wako aliye tumboni..."

"Usimlaani, Mama Ramula!" Yakub alipiga ukelele mpaka yeye mwenyewe akashtuka. "Huyu hakuua mtu. Ni mimi."

Akamwaga yote: wingu, kitufe, redio, lile jibu alilompa kapteni bila kutazama. Wanzala alisikiliza mdomo wazi, kisha akalaza uso kwenye jamvi akalia kwa sauti, wala hakuona haya. Yakub alisubiri kutukanwa. Alitamani atukanwe.

"Redio ilisema nini kuhusu Jinja?" Mastula akauliza.

Neno moja jema lingetosha. Angesema ilitangaza kwamba mji ni salama, mama wa watu ajue mumewe alikwenda na moyo uliotulia. Neno hilo lilikuwa tayari ulimini mwa Yakub.

"Haikusema kitu," akajibu. "Ilikuwa inapiga bendi ya jeshi. Tulikuwa tunangoja iishe."

Mastula aliuvuta mtandio, akajifunika mdomo.

"Nilikuwa hapa hapa," akasema. "Siku hiyo hata risasi hatukusikia. Nilikuwa nafua mashati yake."