Simbi Iliyokuja kwa Miguu

Kwa miaka arobaini hakuna bibi arusi wa kijiji cha Issuna aliyetoka kwao bila kuvishwa simbi ya mzee Mughwai. Ilikuwa kombe moja tu la baharini, jeupe, pana kama kisosi, lenye tundu la uzi. Babu wa babu yake aliipata Pwani, baada ya kubeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka baharini. Kwa ajili ya simbi hiyo Mughwai alikaa kiti cha mbele katika kila harusi.

Kisha jirani yake, Paskali, akarudi kutoka kwa mwanawe huko Pangani na kiroba kizima cha simbi.

"Chukueni, chukueni!" Paskali aliwaambia watu waliojaa uani kwake. "Kule tunazikanyaga tu. Wengine wanazisaga, wanawapa kuku."

Watu wakaangua kicheko. Mughwai, aliyekuwa amesimama nyuma ya ua wa minyaa, aliona kama wanamcheka yeye.

"Umemsikia?" alimwambia mkewe. "Mtu kalala wiki mbili ufukweni, leo ndiye mwenye bahari!"

"Wivu huo, baba Elisha," Rebeka akasema huku akipepeta mtama. "Umenuna tangu basi lilipomshusha."

"Wivu? Mimi? Kwa chakula cha kuku?"

Akaingia ndani, akaitoa simbi sandukuni, akaiweka juu ya jiwe la kusagia, akashika nyundo. Mkono ulisita. Kutoka kwa jirani kikaja kicheko kingine, na sauti ya Paskali juu ya zote. Nyundo ikashuka. Akachanganya ungaunga ule na pumba, akawaita kuku.

Walikuwa bado wanadonoa Janeth alipobisha hodi. Alikuwa mjukuu wa Paskali, na harusi yake ilikuwa Jumamosi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kunigawia na mimi?"

"Hapana, babu. Nimekuja kuomba ile yako."

"Si babu yako ana kiroba?"

"Nimemwambia sizitaki. Zile zimekuja kwa basi. Yako ilikuja kwa miguu. Bibi aliivaa, mama aliivaa. Babu Paskali naye amekubali. Anasema ukae kiti cha mbele kama siku zote."

Mughwai aliwageukia kuku. Aliinama, akamsukuma jogoo pembeni, akaanza kuchambua pumba kwa vidole, akitafuta walau kipande chenye tundu la uzi.

"Umepoteza nini, babu?" Janeth akauliza, akapiga magoti kumsaidia.