Kahawa ya Msiba wa Harlan

Katika mji wao mdogo jimboni Minnesota, Verlin Tostrud alijulikana kwa mambo mawili: hakupenda kumsumbua mtu, na hakuwa na mapigo ya moyo. Hilo la pili lilitokana na pampu aliyopandikizwa kifuani, iliyosukuma damu mfululizo bila kudunda. Waya ulimtoka tumboni hadi kwenye kisanduku kiunoni, na kisanduku kilitaka umeme. Mkewe, Ardis, alishazoea kulala akisikiliza mngurumo wake.

Siku waliyomzika Harlan, binamu yake Verlin, waombolezaji waliteremka ukumbini chini ya kanisa kula mikate ya nyama. Betri za Verlin zilikuwa zinakaribia kwisha, akajichomeka ukutani karibu na jiko. Ardis akaenda kukata keki. Aliporudi, mumewe alikuwa sakafuni, midomo imekuwa ya bluu.

Mpwa wao Duane, aliyekuwa akijitolea kuhudumu kwenye gari la wagonjwa, alimgusa Verlin shingoni, akavua kofia.

"Pole, shangazi. Mapigo hakuna."

"Hana mapigo tangu mwaka juzi! Rudisha kofia, tega sikio kifuani. Kunanguruma?"

Duane akainama. Mchungaji alikuwa ameshaanza kumwombea Verlin kama marehemu. Maneno ya maziko ya asubuhi alikuwa bado anayakumbuka.

"Kimya, shangazi. Kimya kabisa."

Ardis aliingiwa na hofu. Akaufuata waya kutoka kiunoni. Ulikuwa umekunjwa vizuri, umewekwa pembeni asije mtu akajikwaa. Ukutani, mahali pake, lilikuwa limechomekwa birika kubwa la kahawa.

"Nani kamchomoa mume wangu?"

"Kajichomoa mwenyewe," alisema Lavonne, mkuu wa jiko, uso umemwiva. "Mimi nilisema tu kahawa itachelewa. Akasema chomeka, dada, nina akiba kidogo. Kisanduku kikaanza kupiga kelele kwenye sala ya chakula, akakinyamazisha, akaomba radhi. Na sala yenyewe unajua ilivyo ndefu."

Ardis hakuwahi kupaza sauti katika ukumbi ule. Alilichomoa birika kwa nguvu, kahawa ikamwagika.

"Ipoe huko!"

Akachomeka waya wa mumewe. Duane alikuwa amelaza sikio kifuani, mikono tayari kukandamiza.

"Inanguruma, shangazi! Imewaka!"

Mchungaji alikatiza sentensi katikati, asijue aimalizie wapi. Midomo ya Verlin ikaanza kurudiwa na rangi. Akafumbua macho, akaona watu wamemzunguka, akaona haya.

"Kahawa imechemka?"

"Haijachemka, na leo haichemki," alisema Ardis, machozi yakimtiririka mbele za watu. "Nakupenda, mpumbavu wewe. Ukijichomoa tena nitakuua mwenyewe."

Waombolezaji wakatazama viatu vyao. Katika ukumbi ule, neno 'nakupenda' lilikuwa halijawahi kutamkwa kwa mtu aliye hai. Lavonne akapitisha maji baridi. Ardis akaketi sakafuni, ameegemea ukuta pale palipochomekwa waya, na hakubanduka hadi gari la wagonjwa lilipofika.