Kilichopooza Hupashwa Moto

Rweyemamu alifundisha Kiswahili miaka mingi huko Muleba, na tangu astaafu hajaacha kusahihisha watu. Kokuhirwa, mjane wa mdogo wake, alipoitwa hospitali Bukoba, mwalimu alijiteua kumsindikiza, asije akaelewa vibaya.

Shida ya Kokuhirwa ilikuwa moja: mkono wa kulia haukupanda juu ya bega, na kibanja chake, shamba la migomba huko Kagoma, hakikuwa na mtu mwingine wa kukata majani makavu. Muuza dawa mmoja aliwahi kumtoa uvimbe shingoni, akakata na mshipa wa fahamu. Bega likashuka, na mfupa bapa wa mgongoni ukachomoza kama bawa.

Daktari Najibu alieleza polepole. Mfupa ni mzima. Msuli unaoushikilia ndio uliopooza, na mshipa umekaa mno tangu ukatwe, hauungiki tena. Angehamisha misuli ya jirani, aishikize mbele zaidi kwenye mfupa huo, ifanye kazi ya ule uliokufa. Akampa tarehe. Rweyemamu alitikisa kichwa kukubali, kwa niaba ya wote.

Njiani alimfafanulia shemeji yake. Kupoa na kupooza ni shina moja. Kilichopooza ni kilichopoa, na kilichopoa hupashwa moto. Daktari ana kisu, yeye ana sarufi.

Walipofika nyumbani, jiwe la mekoni likapashwa, likafungwa kwenye jani la mgomba, likawekwa mgongoni. Kokuhirwa alivumilia, maana mwalimu habishiwi. Ngozi ikatoka malengelenge palepale kisu kilipotakiwa kupita.

Tarehe ilipofika, daktari alilitazama jeraha, akaahirisha upasuaji, akauliza nani kafanya hivi.

"Sarufi," alijibu Kokuhirwa.

Kidonda kilipopona alipasuliwa. Mkono ulifungwa wiki nyingi, yakafuata mazoezi ya kuchosha. Haukulingana na wa kushoto, na daktari hakuwa ameahidi hivyo. Ulivuka kichwa, ilitosha.

Siku Kokuhirwa aliporudi kibanjani na mundu, Rweyemamu alikuwa amesimama chini ya mgomba akimweleza jirani yao Mwijage kwamba upasuaji ulimalizia tu. Joto ndilo lililoanza kazi. Kokuhirwa akapandisha mkono wa kulia, akakata jani kavu. Likatua kwenye kofia ya mwalimu.

"Limepooza hilo, shemeji," alisema. "Lipashe."