Masafa ya Chumba cha Uani

Jumatatu sura yangu iliganda kwenye kioo cha simu, mdomo wazi, nikifundisha "umeamkaje". Jumatano ikaganda tena. Mimi Mwajabu nafundisha wageni Kiswahili kwa video, chumbani kwangu uani, hapa kwetu Segerea. Mwenye shule akaniandikia: Ijumaa saa nne somo likikatika, wanafunzi wako nampa mwalimu mwingine.

Kifurushi cha intaneti nilikuwa nimeshakiongeza mara mbili. Basi kosa, nikajiambia, ni la mama. Kila asubuhi, saa ileile ya somo, anapigiana video na kaka yangu Mudathir aliyeko Maskati, dakika arobaini za kuulizana nani kala nini. Nikachukua simu yake, nikaitoa kwenye Wi-Fi, nikabadilisha na paswedi.

"Mama, hii ni ya kazi," nikamwambia.

Akaendelea kuchambua mchele. Heri angenigombeza.

Alhamisi nikajaribu: picha bado inakwama. Nikamwita fundi, Leonardi, akataka kuiona ruta, kile kisanduku kinachorusha Wi-Fi. Nikampeleka sebuleni bila wasiwasi. Nilikuwa nimeiweka mwenyewe kwenye kabati la vyombo, katikati ya vikombe vya wageni na jagi lisilowahi kutiwa maji, juu nimeifunika kitambaa cha kufuma. Kitu cha thamani nani anakiacha kipigwe vumbi?

"Sista, mbona umeifungia ndani kama mwali?" Leonardi akasema. Akaitoa, akaiweka juu ya kabati, kitambaa akanipa mkononi. Kisha akaomba simu yangu. "Unatumia masafa gani ya Wi-Fi?"

"Gigahezi tano. Ya mbili nukta nne mie ya nini na tano ipo?"

Akacheka, na mimi nikanuna.

"Tano ina kasi, ila haiwezi kuta," akasema. "Ukikaa nayo hapa sebuleni utaifurahia. Kufika chumbani kwako ni kuta tatu za tofali, inafika hoi. Mbili nukta nne ni ya polepole, na inabanana na Wi-Fi za majirani, lakini inapenya. Video ya somo haihitaji spidi kubwa hivyo."

"Na simu ya mama je?"

"Simu moja tu? Kifurushi hiki hata mkiongea watu kumi kinabeba. Bi mkubwa umemsingizia."

Nikajifanya nakunja kitambaa.

Ijumaa nikaunganisha kwenye mbili nukta nne. Somo likaenda saa nzima bila kukwama. Mwanafunzi mmoja ndiyo kwanza akagundua nina kidoti shavuni. Mwenye shule akaandika neno moja: Endelea. Nikaruka kwa furaha, kisha nikamkumbuka mama, nikatoka kumrudishia paswedi yake.

Jikoni hayupo. Barazani hayupo. Nikamkuta kwa jirani yetu Tabu, amekalia ndoo iliyofudikizwa, ameinua simu usoni, Mudathir anacheka humo ndani. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Mama, njoo uongelee nyumbani. Kosa lilikuwa langu."

Hakugeuza hata shingo. "Ngoja nimalize. Tabu kanipa paswedi bila kuniuliza naongea na nani."

"Nani huyo, mama?" Mudathir akauliza kutoka Maskati.

"Mwalimu," mama akamjibu.