Anayeonja Kwanza

Kazi ya Leah ilikuwa kuhoji waombaji wa ajira, na alijisifu kwamba uso wa mtu kwake ni dirisha lisilo pazia. Jumapili hiyo, sebuleni kwa wakwe zake watarajiwa, Kabuga, alimpa mama wa mchumba wake alama mbovu kabla hata hajaketi. Na bila neno la mama huyo, harusi hakuna.

Mama huyo, Mukarugwiza, alikulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, Kiswahili anakijua, lakini alikibana kinywani. Alitoa mkono, akashusha macho, akakaa kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Hanitaki," Leah alimnong'oneza mchumba wake, Cyusa. "Mkenya hatakiwi humu."

"Mama ndivyo alivyo."

"Anayetazama chini ana jambo."

Aliyemkaribisha kweli, kwa hesabu yake, ni Uwase, dada yake Cyusa: kicheko hadi magego, kumbatio la mbavu kwa mbavu. "Wifi! Hapa ni kwako!" Akaingia jikoni, akarudi na glasi ya juisi ya ndizi, imejaa pomoni.

Leah aliifikisha mdomoni. Mkono mkavu ukainyakua. Mukarugwiza akapiga mafunda mawili, akafuta ukingo kwa kiganja, akairudisha.

Masikio ya Leah yakawaka moto. Kunyang'anywa kinywaji kama mtoto! Akashika mkoba. "Cyusa, nipeleke stendi."

"Keti." Cyusa hakumtazama yeye, alimtazama dada yake. "Kwetu mgeni haletewi kinywaji kilichomiminwa jikoni. Humiminwa mbele yake, na mwenyeji huonja kwanza, mgeni ajue hakina sumu. Mama amekudhamini kwa tumbo lake."

Leah akageuka polepole. Uwase alikuwa bado anatabasamu, meno yaleyale, mashavu yaleyale.

"Nilisahau tu, jamani! Mbona mnanitazama kama mchawi?"

Pengine alisahau. Pengine. Leah akamsogezea glasi. "Basi onja na wewe, wifi."

Uwase akamwangalia mama yake. Mama akauangalia ukuta. Ndipo Uwase akanywa funda moja kubwa, akaitua glasi mezani kwa kishindo.

"Haya! Nimekufa?"

"Ngoja kidogo," alisema Mukarugwiza, na usoni pake hapakutikisika hata ukope.

Leah aliutafuta mzaha katika uso ule, asiuone popote. Akainywa juisi iliyobaki, yote, kisha akahama kiti, akaenda kuketi ubavuni mwa yule mwanamke asiyecheka.